Wimbo wa Kura Tatu: Ureno, Brighton na Ruvuma, 1974

(Mhadhara uliotolewa Mtwara mbele ya walimu, watangazaji, wanamuziki na wazee wa mkoa. Umepunguzwa kidogo kwa ajili ya kuchapwa.)

Mmekuja kusikiliza habari ya wimbo wa Kireno ambao wengi wenu, nadhani, hamjapata kuusikia.

Kusudi langu nalitaja mapema ili mnipime kwalo. Tarehe 6 Aprili 1974, katika mashindano ya nyimbo ya Ulaya yaitwayo Eurovision, wimbo wa Ureno ulishika mkia. Siku 18 baadaye wimbo huohuo ulipigwa redioni Lisbon na jeshi likaanza kujiandaa kuangusha serikali. Nitajaribu kuonyesha mambo mawili. La kwanza, wimbo ule uliifaa kazi hiyo kwa sababu hasa ulikuwa wimbo wa mashindano, wimbo wa mapenzi usioweza kumtia mtu wasiwasi. La pili, na hili ndilo lililonifanya niombe mhadhara huu ufanyike Mtwara na si mahali pengine, ishara ilitolewa Lisbon lakini mapinduzi yenyewe yaliivishwa huku, kando ya mto Ruvuma.

Hoja ya kwanza: nchi ndogo iliyoimba kwa niaba ya dola kubwa

Mashindano ya Eurovision yalianza mwaka 1956 mjini Lugano, Uswisi, nchi 7 zikishiriki. Kila shirika la utangazaji hupeleka wimbo mpya usiozidi dakika 3, wimbo huimbwa moja kwa moja hewani, na nchi nyingine hupiga kura. Ureno iliingia mwaka 1964, Copenhagen, ikiwakilishwa na António Calvário. Hakupata hata kura moja. Usiku ule mtu mmoja alipanda jukwaani akiwa na bango la kutaka Salazar wa Ureno na Franco wa Hispania wasusiwe, akaondolewa haraka. Kwa hiyo tangu usiku wa kwanza Ureno haikuweza kuimba bila kuulizwa habari za serikali yake.

Tuiangalie nchi yenyewe. Ureno ina eneo la kilomita za mraba zipatazo 92,000. Tanzania inaizidi zaidi ya mara 10. Watu wake wakati ule hawakufika milioni 9. Nchi hiyo ndiyo iliyokuwa imeikalia Msumbiji, inayoizidi zaidi ya mara 8, na Angola, inayoizidi mara 13, pamoja na Guinea-Bissau, Cape Verde, São Tomé na Principe na hata Timor ya Mashariki. Tangu mwaka 1951 serikali ya Salazar iliacha kuyaita makoloni yake makoloni. Iliyaita mikoa ya ng'ambo, ikidai kwamba Mreno wa Lisbon na mkulima wa Mueda, Msumbiji, ni raia wa taifa moja. Wazee mnajua mkulima wa Mueda aliishi vipi ndani ya taifa hilo moja.

Madai hayo yalifika hadi jukwaani. Mwaka 1967, Vienna, Ureno iliwakilishwa na Eduardo Nascimento, kijana mzaliwa wa Luanda, Angola. Alikuwa mwanamume wa kwanza mweusi kuimba katika mashindano yale. Aliimba vizuri, akapata kura 3 na kushika nafasi ya 12. Heshima ya mwimbaji ni yake, na mimi simpunguzii hata kidogo. Lakini hebu fikirini Ulaya ilionyeshwa nini usiku ule: Mwangola amevaa suti, anaiimbia Ureno, wakati vita vya Angola vimeingia mwaka wa saba na mwaka wa tatu wa vita vya Msumbiji unaendelea.

Kulikuwa na upande mwingine pia, na ni haki kuutaja. Washairi wa Ureno walijifunza kutumia shindano hilo kusema yasiyosemeka. José Carlos Ary dos Santos aliandika maneno ya wimbo wa mwaka 1969, ulioimbwa na Simone de Oliveira, na kabla hujaondoka nchini ulikuwa umewakera watu wa heshima kwa jinsi ulivyomzungumzia mwanamke bila haya. Mwaka 1973 aliandika mwingine, ulioimbwa na Fernando Tordo, uliokuwa kwa juujuu wimbo wa mchezo wa kupigana na fahali. Aliyeusikiliza kwa makini alitambua kwamba uwanja ule wa fahali ni Ureno yenyewe. Wakaguzi wa serikali waliupitisha. Nawaomba mlishike hilo la wakaguzi kupitisha nyimbo, maana tutalirudia.

Hoja ya pili: usiku wa Brighton

Mashindano ya 1974 yalipaswa kufanyika Luxembourg, iliyokuwa imeshinda mara mbili mfululizo. Nchi ile ndogo ilikataa kubeba gharama mwaka wa pili, Waingereza wakayapokea na kuyapeleka Brighton, kwenye ukumbi wa Dome. Ufaransa ilijitoa kwa sababu Rais Pompidou alifariki tarehe 2 Aprili na maombolezo yaliangukia siku ileile. Zikabaki nchi 17.

Aliyeshinda mnamjua. ABBA wa Uswidi walishinda kwa "Waterloo", na dunia nzima imeucheza wimbo ule. Aliyewakilisha Ureno alikuwa Paulo de Carvalho, kijana wa miaka 26, aliyekuwa amepiga ngoma katika bendi ya Sheiks kabla ya kusimama mwenyewe mbele ya maikrofoni. Wimbo wake uliitwa "E depois do adeus", yaani na baada ya kuagana. Maneno yaliandikwa na José Niza, tabibu aliyepata kutumikia jeshi Angola, na muziki ni wa José Calvário. Ulikuwa umeshinda mchujo wa taifa Lisbon tarehe 7 Machi.

Niwaeleze ulivyo, kwa sababu hukumu ya majaji imewafanya wengi wadhani ni wimbo mbovu. Unaanza kwa sauti ya chini, kama mtu anayejisemea. Mwimbaji ameachwa, na anajiuliza amebaki nani baada ya mapenzi kwisha. Halafu vinanda vya nyuzi vinaingia, tarumbeta zinapanda, na sauti ya Carvalho, yenye kifua kikubwa, inapanda nazo mpaka juu kabisa bila kupasuka. Ni utunzi wa watu wanaoijua kazi. Mimi nauweka miongoni mwa nyimbo bora za mwaka ule, na aliye na masikio mengine tutazungumza baada ya mhadhara.

Kura zilikwenda hivi. Kila nchi ilikuwa na majaji 10, na kila jaji alitoa kura moja kwa wimbo mmoja alioupenda kuliko zote. Huo ni utaratibu mkali, maana wimbo unaowapendeza wote kwa kiasi, lakini si kipenzi cha mtu yeyote, hauambulii chochote. Katika kura 170, ABBA walipata 24. Ureno ilipata 3, ikawa ya mwisho pamoja na Norway, Ujerumani Magharibi na Uswisi. Wengine husema Ureno ilishindwa kwa sababu iliimba Kireno wakati sheria iliruhusu lugha yoyote, na Uswidi, Uholanzi na Finland waliimba Kiingereza. Lakini Norway nayo iliimba Kiingereza, na ikakaa mkiani na Ureno. Lugha peke yake haielezi.

Kuna wimbo mmoja wa usiku ule ambao lazima niutaje. Italia ilishika nafasi ya pili kwa kura 18, Gigliola Cinquetti akiimba "Sì", neno linalomaanisha ndiyo. Italia ilikuwa ikielekea kura ya maoni kuhusu sheria ya talaka mwezi Mei, na televisheni ya taifa iliogopa kwamba wimbo unaorudiarudia ndiyo ungeonekana kama kampeni. Haikuurusha. Wananchi wa Italia hawakumwona mwimbaji wao akifanya vizuri kiasi kile. Kwa hiyo usiku mmoja, ukumbi mmoja, tuna dola mbili: moja iliyouogopa wimbo usio na siasa yoyote, na nyingine isiyouogopa wimbo ambao ungeiondoa kabla mwezi haujaisha.

Hoja ya tatu: kwa nini wimbo huu, na si mwingine

Hapa naomba mnivumilie, ndugu Mwenyekiti, nitakaa kidogo, na hasa nawaomba watangazaji mnisikilize, kwa sababu hii ni habari ya kazi yenu.

Maofisa vijana wa jeshi la Ureno walikuwa wameunda chama chao cha siri, Harakati ya Majeshi, wengi wao wakiwa na cheo cha kapteni. Mpango wa operesheni uliandikwa na Meja Otelo Saraiva de Carvalho. Tatizo lake lilikuwa la mawasiliano. Vikosi vilitawanyika nchi nzima. Simu haziaminiki, polisi wa siri, PIDE, ambao wakati huo walikwisha kubadilishiwa jina na kuitwa DGS, walikuwa na masikio kila mahali. Kikosi kikitoka mapema kinanaswa peke yake. Jambo hilo lilikuwa limekwisha kutokea tarehe 16 Machi, askari wa Caldas da Rainha walipotoka kuelekea Lisbon na wenzao hawakutoka. Walirudi kambini wakakamatwa.

Chombo kilichofika katika kila kambi, kila ofisi na kila gari kwa sekunde ileile, bila kuacha alama ya nani amempigia nani, kilikuwa redio. Tena redio ilikuwa ya serikali au imebanwa na serikali. Ilibidi ishara ipite mbele ya macho ya mkaguzi, na mkaguzi asione kitu.

Mkaguzi wa Ureno alikuwa mzoefu. Aliwajua waimbaji hatari kwa majina. Aliyeongoza orodha yake ni José Afonso, ambaye Wareno humwita Zeca, mwalimu aliyefukuzwa kazi na aliyepata kufungwa. Maofisa walimtaka yeye, kama ilivyo kawaida ya wanamapinduzi kuwataka waimbaji wa mapinduzi. Lakini kupiga wimbo wa Zeca saa ya kawaida ya jioni, kwenye kituo cha kawaida, kungemfanya kila mtu wa PIDE ainue kichwa na kujiuliza kulikoni. Hapo ndipo Paulo de Carvalho alipoingia. Wimbo wake ulikuwa umeshinda mchujo wa taifa, ulikuwa umepeperusha bendera ya nchi Uingereza wiki chache tu nyuma, televisheni ya serikali ndiyo iliyoupeleka. Kuupiga hakukuhitaji maelezo. Hata kushindwa kwake kulisaidia, maana wimbo ulioshika mkia hausababishi shamrashamra, unapigwa kwa mapenzi ya nyumbani na watu wanaendelea na chakula chao.

Tarehe 24 Aprili, saa 4:55 usiku, kwenye kituo cha Emissores Associados de Lisboa, mtangazaji João Paulo Diniz alisema kwamba zimebaki dakika tano kufika saa tano, akamtaja Paulo de Carvalho, akalitaja shindano la Eurovision la 74, akautaja wimbo, akaweka santuri. Basi. Ndugu watangazaji, angalieni ufundi wa tangazo hilo. Wimbo unaopendwa unaweza kupigwa wakati wowote kwa bahati tu, na ofisa aliyeko kambini angejuaje kuwa hii si bahati? Saa ilitajwa, na mashindano yakatajwa. Jina la Eurovision lilikuwa sehemu ya ishara. Kwa wasikilizaji wa kawaida lilikuwa tangazo la muziki, na kwa mamia kadhaa lilikuwa amri ya kujiandaa. Mwimbaji mwenyewe hakuambiwa lolote.

Kituo kile mawimbi yake hayakufika mbali, Lisbon na viunga vyake tu. Ilihitajika ishara ya pili, ya nchi nzima, ya kuthibitisha kwamba mambo yanakwenda na hakuna kurudi nyuma. Hiyo ilirushwa saa 6:20 usiku na Rádio Renascença, kituo cha Kanisa Katoliki, katika kipindi kiitwacho Limite. Sasa ndipo alipopigwa Zeca Afonso, na wimbo wake "Grândola, Vila Morena", aliourekodi Ufaransa mwaka 1971. Wimbo wenyewe una habari yake. Tarehe 29 Machi, kwenye ukumbi wa Coliseu Lisbon, wakaguzi walimkataza Zeca kuimba nyimbo zake kadhaa, huu wakauruhusu, na ukumbi mzima ukasimama na kuuimba. Miongoni mwa waliosimama walikuwemo maofisa.

Kwa hiyo nyimbo zilikuwa mbili, na leo dunia inaikumbuka zaidi ile ya pili. Ni haki yake. Lakini mimi naamini ile ya kwanza inatufundisha zaidi kuhusu kazi ya muziki chini ya utawala wa mabavu. Zeca alipigwa saa ambayo wengi wamelala na mambo yamekwisha iva. Carvalho ndiye aliyepita mchana kweupe, kama mtu anayeingia ikulu kwa mlango wa mbele akiwa na kadi ya mwaliko iliyotiwa sahihi na mwenye nyumba.

Alfajiri vifaru vya Kapteni Salgueiro Maia viliingia Lisbon kutoka Santarém. Watu walimiminika mitaani ingawa redio ilikuwa inawasihi wabaki majumbani, wakatia maua mekundu ya karnesheni kwenye midomo ya bunduki. Jioni Marcello Caetano, mrithi wa Salazar, alijisalimisha. Polisi wa siri waliwapiga risasi watu na kuwaua wanne mbele ya makao yao. Udikteta wa miaka 48 ulikuwa umekwisha.

Hoja ya nne: aliyewachosha makapteni

Vitabu vingi vya Ulaya vinaishia hapo, kwenye maua. Mtu akisoma hivyo tu atadhani vijana wa Lisbon waliamka asubuhi moja wakaupenda uhuru. Wazee mliomo humu mnajua si hivyo.

Tarehe 16 Juni 1960 watu waliokwenda Mueda kudai uhuru wao waliuawa kwa risasi. Tarehe 25 Juni 1962 FRELIMO, chama cha ukombozi wa Msumbiji, iliundwa Dar es Salaam. Tarehe 25 Septemba 1964 risasi za kwanza zilipigwa Chai, Cabo Delgado. Kutoka hapo vita havikusimama kwa miaka 10. Wapiganaji walifunzwa Kongwa na baadaye Nachingwea, saa chache kutoka ukumbi huu. Eduardo Mondlane aliuawa kwa bomu Dar es Salaam tarehe 3 Februari 1969, na Samora Machel akaibeba kazi. Vijiji vya upande wetu wa Ruvuma vilishambuliwa, njia zikategwa mabomu, wakimbizi wakapokewa na kupewa mashamba na watu ambao wenyewe hawakuwa na kitu. Hayo siwafundishi. Nayataja ili yachapwe pamoja na habari ya wimbo, kwa sababu mahali pake ni hapo.

Upande wa pili wa hesabu ni huu. Kufikia mwaka 1974 Ureno ilikuwa na askari karibu 150,000 Angola, Guinea na Msumbiji, wakiwemo Waafrika iliowaandikisha. Kijana wa Kireno aliweza kutumikia jeshi kwa miaka hadi 4, na mamia ya maelfu walikimbilia Ufaransa na kwingineko kutafuta kazi na kukwepa vita. Kapteni wa jeshi la Ureno alikwenda Afrika zamu ya kwanza, akarudi, akaenda ya pili, akarudi, akaitwa ya tatu. Mwaka 1970 Jenerali Kaúlza de Arriaga alianzisha operesheni kubwa ya kuisafisha Cabo Delgado. FRELIMO haikusafishika, ikazidi kupanua vita Tete. Guinea-Bissau ikajitangazia uhuru Septemba 1973 ilhali Wareno bado wamo nchini.

Ni kweli kwamba makapteni walianza kukutana, mwezi huohuo wa Septemba 1973, kwa sababu ya manung'uniko ya vyeo. Serikali ilikuwa imetoa amri iliyowapa maofisa wa muda njia ya kuwapita wao. Wengine hulitumia hilo kusema kwamba mapinduzi yalikuwa ugomvi wa mishahara. Lakini kwa nini serikali ilihitaji maofisa wa muda? Kwa sababu vita vilikuwa vimewamaliza wa kudumu, na vijana hawaingii tena chuo cha kijeshi. Manung'uniko ya vyeo yalizaliwa na vita, na vita havikwisha kwa sababu watu wa Msumbiji, Angola na Guinea walikataa kushindwa.

Tena tazameni waliohusika na ishara zenyewe. Otelo, aliyeandika mpango, alizaliwa Lourenço Marques, leo Maputo. Zeca Afonso aliishi Msumbiji utotoni na akarudi kufundisha huko miaka ya 1960. Aliyesoma beti za "Grândola" redioni usiku ule, Leite de Vasconcelos, alikulia Msumbiji na baadaye alikuja kuiongoza Rádio Moçambique. Aliyeandika maneno ya wimbo wa Eurovision alikuwa amevaa magwanda Angola. Afrika ilikuwa ndani ya studio zile za Lisbon kabla taa nyekundu haijawaka.

Na maua hayakumaliza vita. Jenerali Spínola, aliyekabidhiwa urais, alitaka shirikisho la Ureno na makoloni yake. FRELIMO ilikataa, ikaendelea kupigana. Mwezi Juni Mário Soares, kwa upande wa Ureno, na Samora walikutana Lusaka, wakakumbatiana, lakini hawakuafikiana. Tarehe 27 Julai Ureno ikakubali kisheria haki ya makoloni kujitawala. Siku chache baadaye, 1 Agosti, ngome ya Wareno ya Omar, karibu na mto, ilijisalimisha na askari wake wakavushwa kuja Tanzania. Mwezi huo huo wajumbe wa Lisbon walikuwa Dar es Salaam wakizungumza. Mkataba ulitiwa sahihi Lusaka tarehe 7 Septemba 1974, na bendera ya Msumbiji ikapanda tarehe 25 Juni 1975, miaka 13 kamili tangu FRELIMO ilipoundwa.

Hoja ya tano: nyimbo zisizokuwa na majaji

Eurovision yenyewe iliendelea. Mwaka 1975, Stockholm, Ureno ilimpeleka Duarte Mendes, kapteni wa jeshi aliyeshiriki mapinduzi, akaimba juu ya alfajiri iliyokwisha kupambazuka. Alishika nafasi ya 16. Ushindi wa kwanza ulikuja mwaka 2017, Kyiv, Salvador Sobral alipopata alama 758 kwa wimbo wa mapenzi wa Kireno uliotungwa na dada yake, Luísa. Nilifurahi kwa ajili yao.

Lakini fikra zangu ziko kwingine. Katika miaka ileile Carvalho na wenzake walipokuwa wakishindania kura, ng'ambo hii ya mto watu walikuwa wakiimba. Wapiganaji waliimba kambini Nachingwea, njiani wakibeba silaha na dawa, na kwenye mikutano ya vijiji. Waliimba Kimakonde, Kiswahili, Kireno na lugha nyingine za nchi yao, na kwa wengi nyimbo zilikuwa shule ya kwanza ya kujuana. Sauti ya FRELIMO ilitangazwa kutoka Dar es Salaam, ikasikika Msumbiji na watu waliojificha na redio ndogo, wakijua adhabu ya kukutwa wakisikiliza. Nyimbo hizo hazikupelekwa mbele ya majaji wowote.

Wimbo wa kura tatu una tarehe, dakika, jina la mtangazaji na jina la kituo. Tunajua hata nani aliongoza okestra. Wimbo ulioimbwa Nachingwea usiku uleule wa 24 Aprili 1974 tunajua nini juu yake? Nani aliuanzisha? Uliitikiwa vipi? Kilichowaleta makapteni redioni kimeandikwa kwa wino wa Lisbon peke yake, na hilo haliwezi kuachwa hivyo wakati waliokuwepo bado wako nasi.

Tuendako

Ndugu Mwenyekiti, naomba mkutano huu utoke na kazi, na kazi yenyewe inawezekana kwa vifaa tulivyonavyo mifukoni.

Kwanza, nyimbo zirekodiwe. Simu ya mwanafunzi wa kidato cha tatu inarekodi sauti safi kuliko mashine nyingi za mwaka 1974. Nawaomba walimu wa Nachingwea, Newala, Masasi, Tandahimba na Mtwara mjini muwatume wanafunzi kwa mabibi na mababu zao, kila wimbo uandikiwe jina la mwimbaji kwa ridhaa yake, mahali alipojifunza, na lugha yake. Upande wa pili wa Ruvuma wako walimu na wanamuziki wenye hamu ileile. Misukosuko ya Cabo Delgado tangu mwaka 2017 imewatawanya wengi, na baadhi ya wazee wanaozijua nyimbo hizi sasa ni wakimbizi kwa mara ya pili maishani mwao. Kwao hatuwezi kuchelewa.

Pili, watangazaji. Kanda za miaka ile za utangazaji wa taifa ni mali ya umma. Nawaomba mzipiganie zihamishwe kwenye mifumo ya kidijitali kabla utepe haujaganda, na zile za matangazo ya vyama vya ukombozi zitangulizwe. Kipindi kimoja cha nusu saa kwa wiki, kikipiga wimbo mmoja na kumsikiliza mzee mmoja, kinatosha kuanzia.

Tatu, vijana wa bendi na kwaya. Msiziogope nyimbo hizi kwa kuwa ni za wazee. Zipigeni kwa magitaa yenu. Na siku ambapo vituo vyetu vya Afrika Mashariki na kusini vitakapounda shindano lao la nyimbo, jambo ninaloliona linawezekana kabisa, nataka mkoa huu uwe na cha kupeleka.

Mlangoni kuna daftari mbili. Moja ni ya majina ya wazee walio tayari kutembelewa, nyingine ni ya shule na vituo vitakavyojitolea. Naomba zijazwe kabla ya chakula, na kikao cha kupanga ratiba ya vijiji kitaanza hapahapa mara baada ya maswali. Wazee waulize kwanza.